Vazi la Kuogelea Ambalo Mama Hakulivaa

Wiki jana mliniacha nimepiga magoti chini ya skrini kubwa ya ofisi, kana kwamba mkono wa koti uliokatika ndani ya kompyuta ungeanguka sakafuni niuokote. Mteja aliniona hapo chini. Akaaga bila kumaliza chai yake.

Kwa yule anayeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Njambi, wa Uthiru. Mwaka huu mimi na kijana mmoja, Bramwel, tulishinda shindano la vyuo la ubunifu wa mavazi. Zawadi ilikuwa nafasi ya kujifunza kazi katika kampuni ya Muthangari inayoshona nguo bila kitambaa. Usicheke. Nguo inakatwa kwenye kompyuta, inashonwa kwenye kompyuta, inavishwa mtu wa kwenye kompyuta, na mteja akiipenda ndipo kiwanda kinapigiwa simu. Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikuwa sijawahi kushona kitu nisichoweza kukishika, ndiyo maana koti langu liliachana na mkono wake mbele ya watu.

Mwenye kampuni anaitwa Daksha, na si mtu wa kelele. Yule mteja alipoondoka aliniita pembeni.

"Njambi, I like you. Lakini kuna mteja mwingine anakuja, Madam Nakhumicha. Ana duka town, ya nguo za wamama. Akichukua kazi yako, unabaki hapa, nakuandika kabisa. Akikataa, tumeachana. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Mnafaa kumjua Becky kwanza. Becky ndiye mtu wa kwenye kompyuta tuliyekuwa tukimvisha nguo zote. Ni mrefu, hana tumbo, hana nyonga, na kwa kumtazama tu unajua hajawahi kula chapati. Ukitaka awe mama mtu mzima unabonyeza mahali, naye anavimba kote sawasawa, hadi vidole vya miguu.

Madam Nakhumicha alifika, akakaa kwenye kiti kimoja, mkoba wake ukakaa kwenye kingine. Akamtazama Becky aliyevimba.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama wa miaka hamsini hivi," nikasema.

"Huyu si mama. Huyu ni msichana amemeza godoro. Mtu akizaa, vitu zinahama. Kuna zenye zinashuka, kuna zenye zinaenda nyuma. Kwani wewe hujawahi ona mamako?"

Akatupa wiki moja, akachukua mkoba wake. Mimi nikabaki na lile swali lake, na ndilo lililoniponza.

Mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Akipita barabarani watu huficha sigara, hata wale wasiosali kwetu. Hafungulii mtu mlango bila kitambaa kichwani. Lakini daktari alimwambia atembee kwa sababu ya presha, kwa hivyo kila jioni yeye na jirani huzunguka mtaa kwa suruali za kubana na fulana, wakienda mwendo wa kumfukuza mwizi. Akirudi, kabla hata ya kubadilisha nguo, husimama katikati ya sebule, akafumba macho, akapanua mikono na kumshukuru Mungu.

Maombi ya Mama hayana haraka. Huanza na serikali, akashuka polepole hadi kwa majirani.

Sasa, ile programu ya simu inayochukua umbo la mtu inataka avae nguo ya kubana, atenge mikono na mwili, na asitikisike. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba ruhusa. Wallahi nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa nimempikia chai ya tangawizi. Lakini nilipotoka jikoni na kikombe nilimkuta amesimama hivyo hivyo, tayari kabisa, akiwa bado kwa wabunge. Nikaweka kikombe chini na kutoa simu.

Nikamzunguka bila viatu.

"Na umkumbuke Njambi, Baba," Mama akasema nilipofika mgongoni kwake. "Hiyo kazi yake ya kompyuta mimi siielewi, lakini wewe unaielewa. Usikubali aaibike mbele ya watu."

Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea, maana programu ilikuwa imefika kiunoni, na ukisita inaanza upya.

Kesho yake kazini nilikata gauni la kawaida la kwendea harusi, nikamvisha Mama niliyemtoa kwenye simu, nikabonyeza. Kitambaa kikaanguka. Kikatulia mabegani, kikapita kifuani bila kuvutana, kikateremka nyonga vizuri kama kimeishi naye. Kwa mara ya kwanza tangu nikanyage Muthangari nilifurahi kazini. Nilikuwa nimepanga kumbadilisha sura kabla mtu hajamwona, lakini Daksha alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Wow. Who is she?"

"Ni body tu. Nimetengeneza."

"From scratch? Hata hiyo uso?"

"Hata uso."

"She looks so peaceful. Anaitwa nani?"

Jina la kwanza lililonijia ni la mama wa dukani anayetuuzia mkate. "Consolata," nikasema.

Hapo ningemfungia Consolata mahali salama, hadithi ingeishia hapo, na ninyi mngekuwa mnasoma habari za siasa. Lakini katika ofisi yetu miili yote huwekwa kwenye rafu moja ndani ya mashine. Ukiweka mwili hapo bila kuufunga, ni wa kila mtu. Jambo hilo tulifundishwa siku ya kwanza, na siku hiyo mimi nilikuwa nikishangaa mashine ya kahawa. Nikamweka Mama kwenye rafu nikaenda kula.

Niliporudi, alikuwa amevaa suruali ya ngozi.

Baada ya suruali ya ngozi alivishwa sare ya mpira wa miguu. Kisha mtu akamvisha gauni la bibi harusi lililoachwa wazi mgongo mzima. Ofisi nzima ilikuwa imempenda. Becky alisahaulika kwenye kona akiwa na vidole vyake vilivyovimba.

"Niaje Njambi," Bramwel akasema, amenyoosha miguu juu ya kiti. "Huyo Consolata wako ni moto. Kila kitu inamkaa. Hebu cheki hii yangu."

Nikacheki. Nikashika meza.

"Bramwel, hiyo ni nini?"

"Swimming costume."

"Mvue."

"Nimvue?"

"Yaani umvalishe. Mvalishe kitu ingine. Dera. Sweta."

"Sweta ya kuogelea?" Akanitazama kwa huruma. "Njambi, kwani huyu ni mtu wako?"

"Si mtu wangu."

"Basi relax. Ni body tu, si wewe umesema?"

Sikulala vizuri. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kutoka ofisini nilikuwa naingia kwenye rafu na kumfunika Mama leso. Nilishona leso yenyewe kwa mkono wangu, ya maua, ndefu hadi miguuni. Asubuhi nikifika nilikuta wamemfunua tena.

"Nani anamwekea Consolata hii pazia?" Daksha akauliza mbele ya wote.

Nilimtazama Bramwel, kwa jinsi ya kuwafanya watu waamini ni yeye.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Jioni ya ile siku ya gauni la mgongo wazi, Mama aliweka sufuria mezani na kujifunga shuka.

"Sijui ni nini. Leo mchana nimeskia baridi kwa mgongo, unajua? Kama mtu amefungua dirisha."

Niliacha ugali, nikaenda kumletea sweta.

Wiki ikaisha. Madam Nakhumicha akarudi, akakaa, mkoba wake ukakaa. Nikamwonyesha gauni langu. Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, akasema, "Hii ni ya mtu anayejua mama," nami moyo ukapanda. Nilikuwa nataka kuzima skrini hapo hapo. Lakini Bramwel naye alitaka zamu yake, akasukuma kiti changu kando na kubonyeza.

Akatokea Mama, urefu wa mlango, na vazi la kuogelea la rangi ya zambarau. Macho amefumba, mikono amepanua, anazunguka taratibu ili aonekane pande zote.

Madam Nakhumicha aliinuka.

"Huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ndio nimekuwa nikitafuta. Mnajua wamama hawaogopi maji? Wanaogopa costume. Wanaogopa kutoka kwa changing room. Sasa mwone huyu. Amefunga macho, amefungua mikono, hana shida na mtu. Nikiona huyu, hata mimi naingia maji."

Daksha alinikanyaga mguu kwa furaha chini ya meza.

"Uso tutabadilisha, madam," nikasema haraka. "Huo ni wa kujaribia tu."

"Mkigusa huo uso, sichukui kitu. Gauni nachukua, costume nachukua, na uso nachukua. Jumamosi namweka kwa dirisha ya duka yangu, Biashara Street, kwa skrini kubwa. Wote mkuje."

Alipotoka, Daksha alinikumbatia. Kumbukeni ni Daksha, ambaye hata mkono hutoa kwa mpango.

"Karibu kazini, Njambi. Officially. Ile Consolata ulitengeneza imetuokoa wote."

Ningesema hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa chini ya skrini natafuta mkono wa koti, na sasa nilikuwa nimekumbatiwa. Nikamwambia asante.

Kilichofuata ni ujinga wangu mtupu, sina wa kumsingizia. Nilifika Uthiru na furaha yangu, nikamwambia Mama nimeandikwa kazi. Mama alipiga magoti palepale jikoni, mwiko mkononi. Alipoinuka alikuwa na machozi.

"Sasa hiyo nguo yako itauzwa wapi, mami?"

"Iko duka moja Biashara Street. Wataiweka kwa dirisha Jumamosi," nikasema, na niliposikia nilichosema nilitamani kuyarudisha maneno mdomoni.

"Jumamosi? Si basi Jumamosi tunaenda na wamama huko huko kununua vitambaa vya uniform? Tutapitia hapo. Wacha niwapigie."

"Mama, Jumamosi kuna maandamano."

"Ya nini?"

"Ya watu."

"Jumamosi watu wako kwa harusi."

"Si mngeenda soko la Gikomba? Ni bei nafuu."

"Gikomba? Uniform ya kanisa?" Akanigeukia na simu sikioni. "Njambi, kwani hutaki wamama waone kazi yako? Miaka yote nimewasikiza wakiniambia watoto wao wako benki, wako ulaya. Kesho kutwa ni zamu yangu. Haloo? Mama Muli? Uko wapi, keti chini nikuambie."

Niliwaza kujiunguza jikoni. Niliwaza kuugua. Ijumaa nilijaribu kumvika Mama kichwa cha Becky kisiri, lakini kichwa cha Becky kwenye shingo ya Mama kilikaa kama kizibo cha soda kwenye mtungi, na Daksha akarudisha uso wa Consolata kabla sijanywa chai. Jumamosi asubuhi nilijikuta Biashara Street na nguo yangu nzuri, nimesimama mlangoni pa duka na Daksha na Bramwel, nikitabasamu na meno yote.

Dirishani Mama alikuwa akizunguka.

Watu walikuwa wanasimama. Makanga mmoja wa matatu alivua kofia. Madam Nakhumicha alikuwa ndani akipanga mavazi yenyewe, yaliyokuja kutoka kiwandani usiku wa kuamkia siku hiyo, rangi zote.

Nikawaona wakitokea upande wa Muindi Mbingu Street. Akina mama wa kanisa wote, vitambaa vyeupe vichwani, na mbele yao Mama yangu, mkoba umebanwa kwapani, uso unang'aa. Alinipungia mkono kutoka mbali. Kisha akawageukia wenzake na kunionyesha kwa kidole, yule pale, ndiye yule.

Wakafika. Wakatazama dirishani.

"Haiya," mmoja akasema. "Huyu mama hana aibu."

"Lakini imemkaa," mwingine akasema.

Mama Muli, jirani anayetembea na Mama kila jioni, aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Kwani huyu si," akaanza, kisha akafunga mdomo.

Mama alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. Yule wa dirishani alizunguka mara moja kamili, naye Mama akamtazama mpaka alipomaliza. Kisha akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

Mlango ukafunguliwa. Madam Nakhumicha akatoka na mavazi mkononi, akamwona Mama, na mavazi yakaanguka.

"Consolata?"

Daksha alitazama skrini. Akamtazama Mama. Akanigeukia.

"Njambi. Ulisema umemtengeneza. From scratch. Huyu mama unamjua?"

Nawaambia kweli yote, maana ndiyo kazi ya safu hii. Nikisema ndiyo, uongo wangu umeanikwa na kazi imekwenda. Tena nikisema ndiyo, nimewaambia akina mama wote kwamba mwenyekiti wao ndiye anayezunguka dirishani na mapaja wazi. Nikisema hapana, labda watasema ni kufanana tu, dunia ina watu wengi. Nilijiambia ninamwokoa Mama. Nusu ya moyo wangu iliamini hivyo.

"Simjui," nikasema.

Mama Muli alishika kifua.

Mama alipanga mkoba wake vizuri kwapani. Alipozungumza hakunitazama, alimtazama Madam Nakhumicha.

"Huyo wa kwa dirisha ni mimi. Hiyo nguo sijawahi ivaa, lakini mwili ni yangu, nimezaa nayo. Sioni haya." Ndipo akanyoosha kidole kwangu. "Huyu msichana ndiye simjui."

Akageuka kwa wenzake.

"Wamama, si tulikuja kuona nguo? Ingieni."

Wakaingia mmoja mmoja, na kila aliyepita alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Madam Nakhumicha aliokota mavazi yake, akaingia wa mwisho. Bramwel, rangi imemtoka, alinisogelea.

"Njambi," akanong'ona. "Ni mamako? Na mimi nimemvalisha leather?" Akashika kichwa na kuanza kutembea kuelekea Moi Avenue, na sikumwona akigeuka.

Tukabaki mimi na Daksha.

"Nina mama pia," Daksha akasema. Alikuwa akiongea polepole. "Ingia ndani. Ongea naye. Ukitoka kwa hiyo mlango na yeye, pamoja, Monday uko kazini. Ukitoka peke yako, usikuje."

Nikashika kitasa. Kilikataa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na huko ndani nilisikia akina mama wa kanisa wakicheka na kuitana wasaidiane zipu. Nikagonga kioo.

Madam Nakhumicha alinitazama. Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa amepewa kiti cha heshima na vazi la zambarau mapajani, akamuuliza jambo, kidole kikielekea mlangoni.

Mama akatikisa kichwa kukataa.

Nikagonga tena.